Mkono wa Osoro

Groningen, Uholanzi
11 Februari 2024

Sokoro, babu yangu na mume wangu mzee wa utani,

Nakusalimu kutoka mji uliolowa tangu jana na usioona haya. Mimi ni mzima. Ninakula, ingawa viazi ni vingi kuliko vinavyompasa binti wa Itumbe, na mboga yetu ya chinsaga naiona ndotoni tu. Barua yako ya Krismasi imenifikia juzi. Nimefurahi kwamba michai imepona mvua ya mawe, na kwamba Shangazi Loice amechaguliwa tena kuongoza kwaya, ijapokuwa hakuna aliyeshindana naye. Baba je? Husemi lolote juu yake ila "yupo Nyamira, anafundisha". Hayo nayajua. Hata mwenyewe nikimpigia simu huniambia hayo hayo, kisha tunazungumzia mvua.

Unasema watu wa kituo cha chai wanauliza kazi yangu, nawe unawaambia napiga picha. Hujasema uongo. Mtu akitaka kusogeza kidole, sehemu moja ya ubongo hupaza sauti: songa! Sehemu nyingine humwambia: taratibu, tulia. Hilo neno la kutuliza ni kemikali, na lazima liwe na masikio ya kulipokea. Masikio hayo tunayaita vipokezi. Sasa kuna ugonjwa wa neva za mwendo, ambao huua neva zinazoamrisha misuli, na msuli usioamrishwa hukonda. Sisi humdunga mgonjwa dawa kidogo mno yenye mnururisho. Dawa hiyo huenda kujishikiza kwenye masikio yale. Kisha tunamlaza ndani ya mashine kama pete kubwa, nayo hutuchorea ramani: penye masikio mengi pekundu, penye machache bluu. Kwa wagonjwa, mahali panapoamrisha mikono na miguu, masikio ya kusikia "tulia" hupungua. Kwa nini yanapungua, na kama ndicho chanzo au ni matokeo, hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Ili tujue kilichopungua, tunahitaji pia picha za wasiougua. Mmoja wao ni mimi. Nakutumia ubongo wangu. Usiukunje.

Mkeo,
Bonareri


Itumbe
17 Machi 2024

Mke wangu mdogo,

Pokea salamu za nyumba nzima, na za ng'ombe pia, aliyezaa ndume kwa ukaidi tu. Shangazi yako anakusalimu kwa sauti ambayo huenda umekwisha kuisikia huko bila posta.

Ubongo wako umefika umenyooka. Nimeutundika sebuleni, kati ya kalenda ya kiwanda na picha ya harusi yangu ya kwanza, kwa kuwa ya pili ni yako. Mgeni wa kwanza aliuliza kabichi hiyo ni mbegu gani. Nikamwambia: "Hicho ni kichwa cha mke wangu, na hapo penye wekundu ndipo anaponiwaza." Loice alisimama mbele yake kwa muda mrefu, akauliza, "Baba, na dhambi hukaa upande gani?" Nikamwonyesha kona ya bluu. Tangu hapo anaiombea kona hiyo anapopita na ndoo.

Ugonjwa wako nimeuelewa. Ni wa watu wasiosikia wakiambiwa "tulia". Basi Loice ameugua tangu anyonye na hakuna msuli wake uliokonda. Rekebisheni mashine.

Sasa jambo lenyewe. Kuna mtu hapa, tumwite Osoro. Yaani anaitwa Osoro. Mkono wake wa kulia umelegea. Hauumi, hauna ganzi, ila huangusha vitu. Ile nyama iliyo kati ya dole gumba na kidole kinachofuata imeingia ndani, pamebaki shimo. Na ngozi ya mkono huchezacheza yenyewe, kana kwamba panya amelala chini ya blanketi. Ukimwuliza anasema ni baridi. Ukimtajia daktari anakuuliza kama majani yako yamechumwa. Bado ana watu wanaomtegemea, na mimi nisingependa azorote huku sote tunatazama kando.

Je, mashine yako inaweza kumponya Osoro? Niambie, nami nitamwambia.

Mume wako asiye na mpinzani,
Alfayo Mokua


Groningen
21 Aprili 2024

Sokoro,

Salamu kwa wote, na pole kwa kuzaliwa ndume. Nimecheka hadi kwenye ile kona ya dhambi, kisha nikafika kwa Osoro, na kicheko kikakauka.

Ninawajua watu wote wa mlima wetu. Nimewachumia chai, nimewaimbia harusi na kuwalilia. Osoro hayupo. Nimerudia barua zako za nyuma nikazilinganisha. Katika hii ya mwisho herufi zimepinda, na neno "tulia" limeanguka nje ya mstari. Nimeitazama hiyo "tulia" kwa kioo cha kukuzia, kama mwendawazimu.

Nimefikiri pia kwa nini sisi wawili huandikiana Kiswahili, wakati nyumbani hatukisemi. Nadhani ni kwa sababu kwa Kiswahili mtu anaweza kutaja paja lake bila kuona haya. Kwa Ekegusii angelazimika kwanza kutazama ni nani amekaa chumbani. Najua Baba hawezi kukuuliza juu ya mwili wako, wala wewe huwezi kumwonyesha. Hiyo ndiyo chinsoni, na mzazi na mwanawe hawaivunji. Lakini mimi ni mjukuu. Umenitania kabla sijaota meno, nami nimekujibu mara tu nilipoyaota. Kati yetu hakuna kilichofichwa isipokuwa ulikoficha sukari guru yako.

Kwa hiyo, kama mkeo, naamuru. Osoro abane karatasi kati ya dole gumba na ubavu wa kidole cha pili, mtu aivute. Ashike kifungo cha shati akifunge bila kutazama. Kisha uniandikie ukweli. Akishindwa, aende hospitali Kisii, apimwe na mtu anayezijua neva. Yako magonjwa mengine yanayofanana na huo, na mengine yanatibika. Ndiyo maana kuchelewa ni dhambi kubwa kuliko zote za kona ya bluu.

Mkeo mwenye hasira,
Bonareri


Itumbe
26 Mei 2024

Mke mkali,

Hujambo wewe na hizo hasira zako? Sisi tunachuma. Loice amegombana na mpiga kinanda, wamepatanishwa, wamegombana juu ya upatanisho. Baba yako alikuja Jumapili, akala, akarudi Nyamira.

Osoro amehamia hapa kutoka Birongo, ndiyo maana humjui. Herufi zilipinda kwa sababu mguu wa meza umeoza, na kuku alipita chini yake nilipokuwa naandika "tulia". Waliosoma sana mnasoma hata kuku.

Lakini mke akiamuru, mume hutii. Karatasi ilimtoka Osoro kama samaki. Nilimwambia ni mchezo, na akishindwa atanunua soda. Alicheka, akainunua, akaficha mkono chini ya meza. Mimi nilibana karatasi ile ile hadi ikachanika. Unaweza kumwuliza Loice, ilikuwa ya nyimbo zake.

Hospitali amekataa. Anasema mtu wa heshima yake hawezi kukaa benchi akingoja kuvuliwa shati kama mtoto wa chanjo. Nimemtania, nimemtisha kwa Biblia. Yote yamepita juu yake. Bonareri, mimi ni mzee, nimezoea watu kunicheka. Sijazoea kuogopa. Hebu niambie nifanyeje na mtu ambaye sina ruhusa ya kumwambia "hebu nione".

Na lile swali langu la mashine umelizunguka kama mtu anayepita karibu na mbwa aliyelala. Nimeona.

Wako,
Alfayo Mokua


Groningen
30 Juni 2024

Sokoro,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye hasira. Huku jua linachelewa kuzama, na watu hawajui wafanye nini nalo.

Nimefanya jambo. Sikuamini habari za kuku, wala za Birongo, wala za karatasi ya nyimbo. Nimempigia Baba. Tulipomaliza mvua nikamwambia umeanguka kwenye kituo cha chai, ukazimia mbele ya watu, na unamficha yeye kwa kuwa ni mwanao. Nikalia kidogo. Sikupanga kulia, lakini nilipoanza niliona kunafaa, nikaendelea. Akasema, "Nitampeleka." Barua hii itakapofika atakuwa amekwisha kuja na gari la rafiki yake, nawe utakuwa umekwisha kufikishwa Kisii.

Unitukane utakavyo. Nimemsingizia mume wangu kuzimia, na nikisingiziwa mimi hivyo nitakuwa nimestahili. Lakini mtu akishaingia chumba cha daktari hawezi kuendelea kuitwa Osoro.

Habari za mashine nitakueleza siku nyingine.

Mkeo,
Bonareri


Itumbe
28 Julai 2024

Bonareri, mke wangu mwongo,

Kaa chini kwanza. Loice anakusalimu, siku hizi ananitembeza kwa kunishika kiwiko, kwa sababu habari ya kuzimia kwangu imeenea hadi Ogembo na nimeletewa ndizi za wagonjwa. Nimezila zote.

Baba yako alipofika na gari asubuhi ile, akiwa na uso wa mazishi, nilimwuliza, "Kuna nini?" Akasema, "Baba, tunaenda hospitali. Najua ulizimia." Nilitaka kukulaani. Nikamtazama alivyofungua mlango wa gari kwa mkono wa kushoto, akijipinda kama anayekwepa mwiba. Nikaelewa kwamba mke wangu, kwa kukosea, amefanya jambo ambalo mimi nimelitafuta tangu Machi. Basi nikazimia kidogo. Nikashika mlango, nikasema "Ooo, Machogu mwanangu, kichwa." Nilizimia vizuri sana.

Kisii tukampata daktari wa neva, binti wa kutoka ziwani anayeitwa Benta, mcheshi. Akaniambia, "Mzee, ingia, vua koti na shati." Machogu akabaki benchi kama ilivyo desturi, maana mwana haoni mwili wa babake. Mlango ulipofungwa nikamwambia: "Daktari, mimi nina afya kama punda. Mgonjwa ni huyo uliyemwacha nje."

Akasema, "Mzee, hujavua hata koti."

"Na sitavua. Mwite aje anifunge vifungo. Sema mikono yangu inatetemeka. Wewe tazama yake."

Alinikazia macho kidogo, kisha akafungua mlango. "Mwalimu, njoo umsaidie mzee na koti lake."

Machogu akaja. Koti si mwili, kwa hiyo hakuweza kukataa. Akashika kifungo cha juu. Dole gumba likateleza. Akajaribu tena, likateleza. Akasogea karibu, akapumua kwa nguvu, jasho likamtoka puani, na kifungo kile kikakaa palepale kinamtazama. Nilitaka kumsaidia. Nilijizuia kwa meno. Tangu alipokuwa mtoto sijawahi kusimama karibu hivyo na uso wake.

Daktari Benta akasema polepole, "Mwalimu, hebu niuone mkono huo."

Mwanangu akanigeukia. "Baba, umenileta mnadani?"

Nikamjibu, "Gari umeendesha wewe."

Nikatoka nje haraka, ili avue shati bila mimi kuwepo.

Sasa umejua Osoro ni nani. Ningekuambia vipi? Wewe ni binti yake. Habari ya mwili wa baba haimfikii binti kwa mdomo wa mtu mwenye akili. Mwili wa jirani wa Birongo, huo ningeweza kukuandikia. Ukaja ukafikiri ni mimi. Hilo sikulitega, lakini lilipokuja nililipanda kama farasi. Daktari amemtuma Nairobi akapimwe neva kwa umeme. Tukapanda gari, tukapita Ogembo. Kisha akasema, "Ulizimia vibaya, Baba. Mtu aliyezimia hachagui mlango wa kushika." Nikajua bado ni wangu.

Mume wako,
Alfayo Mokua


Groningen
18 Agosti 2024

Sokoro,

Salamu kwako na kwa Shangazi. Barua yako niliisomea ngazini, kwa sababu nilishindwa kufika chumbani.

Mwaka mzima nimetazama vichwa vya watu nisiowajua. Najua jinsi wekundu unavyokonda pale juu, katikati, upande wa kushoto kwa mtu ambaye mkono wake wa kulia ndio ulioanza. Nimewapa namba, nimewapanga. Wakati huo wote baba yangu alikuwa ananizungumzia mvua, na sikuwahi kujiuliza simu ameishika kwa mkono gani.

Uliniuliza mara mbili nami nikakwepa. Nakujibu. Mashine haimponyi mtu yeyote. Inaonyesha kilichopungua, na pengine siku moja itamwonyesha mwingine jinsi ya kuzuia kisipungue. Sikukuandikia hivyo kwa sababu nilidhani nakuandikia wewe kuhusu wewe, nikaogopa. Nilikutumia picha yenye rangi nzuri, nikakuacha ufikiri rangi hizo ni dawa.

Nimeishika simu mara nyingi na kuiweka chini. Hata kama angeweza kulazwa ndani ya mashine yetu, sijui ningeruhusiwa kutazama. Binti haoni mwili wa babake. Je, ubongo ni mwili? Waulize wazee. Nauliza kwa mzaha, lakini nataka jibu.

Bonareri


Itumbe
6 Oktoba 2024

Mke wangu,

Sote tu wazima ila mmoja, na huyo naye anakula. Majibu ya Nairobi yametoka. Ni ule ule ugonjwa wako. Daktari Benta alimwambia ana kwa ana, akamweleza dawa inayopunguza kasi kidogo na mazoezi ya viungo, na akamwambia wazi kwamba mkono wa pili nao utafuata, wala hajui lini. Machogu alimshukuru, akamuuliza kama alikuwa amekula mchana. Hivyo ndivyo alivyo.

Swali lako nililipeleka kituoni tulipokuwa tunangoja lori la majani. Mmoja akasema ubongo ni mwili, kwa sababu wa mbuzi huliwa. Mwingine akasema si mwili, kwa sababu hauvikwi nguo. Wakabishana hadi lori likataka kuondoka bila majani. Mwisho wakakubaliana kwamba waliotuachia chinsoni hawakuwahi kuuona ubongo wa mtu aliye hai, kwa hiyo hawakuukataza, na atakayeukataza sasa aje na sababu yake mwenyewe. Mimi ndiye mkubwa wao, nimepitisha.

Nilimwambia Machogu uamuzi huo, na habari ya Osoro wetu pia. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akageuza kiti, akatazama nje, akasema nami kama anayesema na shamba: "Baba, muulize mkeo. Yule Osoro wenu ni mwalimu. Januari ataweza kuandika ubaoni? Na sauti yake je, itabaki? Amwambie ukweli. Yeye si mtoto." Alisema "yeye". Nami naandika "yeye". Jibu wewe.

Alfayo Mokua


Groningen
27 Oktoba 2024

Sokoro,

Salamu zangu ni fupi leo, zigawanye mwenyewe.

Mwambie Osoro hivi. Januari ataandika ubaoni kwa mkono wa kushoto, akianza kujifunza sasa hivi. Atakuwa na mwandiko mbaya, na wanafunzi watamcheka. Awachape kwa macho. Januari inayofuata sijui. Anayemwambia anajua, anadanganya. Sauti hubaki kwa wengine na kwa wengine huondoka, kwa hiyo aanze kuirekodi kwenye simu wakati ina nguvu: asome gazeti, ahesabu, aite majina yetu, agombane na Loice. Siku hizi mashine zinaweza kumrudishia mtu sauti yake mwenyewe zikiwa na akiba ya kutosha. Mapafu yapimwe kila anaporudi kwa Daktari Benta, hata akijiona mzima. Na asijifungie ndani. Huo ndio ukweli wote nilio nao, na hakuna sehemu niliyoificha.

Nimeomba likizo, nimepewa. Nakuja Desemba, na safari hii nitakaa. Profesa wangu amesema ramani zangu nitazichora nikiwa huko kama nilivyozichora hapa, mradi umeme wa Itumbe usikatike. Nimemhakikishia haukatiki. Umenifundisha kudanganya kwa faida.

Sasa, mume wangu, sikiliza kwa makini, kwa kuwa hili si la Osoro. Nitakaposhuka kwenye gari Baba atakuwa amesimama uani. Namjua, mkono wa kulia atakuwa ameutia mfukoni, anitolee wa kushoto, aulize habari za safari. Mwambie asifanye hivyo. Binti huruhusiwa kumsalimu babake kwa mkono wa kulia mbele ya watu wote, na wazee wako hawahitaji kungoja lori ili kulipitisha hilo. Autoe. Mimi nitaushika, na nitakuwa wa mwisho kuachia.

Bonareri